Jinsi ya kuandika wasifu wa mzee aliyelea familia kwa jembe

Tarehe ya kuzaliwa iweke mstari mmoja tu, ipite. Pa kukaa sana ni kazi yake, alikuwa anaamka saa ngapi, shamba lipi alilifyeka mwenyewe, mpini wa jembe umelika wapi maana hapo ndo alipokuwa anashika. Warekodi kwa simu mama, mashangazi na majirani, kila mtu peke yake, wakiwa pamoja mmoja anaongea wengine wanaitikia tu, na uliza vitu vidogo, akipalilia alikuwa anaimba nini, mwaka wa ukame ada alitoa wapi. Kama alikuwa mkali andika jamani, watoto wake watamtambua. Majina ya wajukuu hakiki mara mbili, akisahaulika mmoja inauma mno. Kabla hujaprinti, wasomee nyumbani kwa sauti.