Namna ya Kujifunza Upya Alama za Barabarani

Madereva wengi wenye leseni ya miaka mingi huzielewa alama za barabarani kwa kukisia, kwa sababu walizikariri siku chache kabla ya mtihani na baadaye wakabaki na zile tu wanazopishana nazo kila siku. Kasoro iko katika kukariri picha mojamoja. Picha ni nyingi mno, ilhali maumbo na rangi ni vichache, na hivyo ndivyo vinavyobeba amri.

Anza, basi, kwa kuziweka picha kando. Katika mpangilio wa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani, ambao unafuatwa na nchi nyingi, pembetatu yenye ukingo mwekundu hutahadharisha, duara lenye ukingo mwekundu hukataza, duara la bluu huamuru, na mstatili hutoa taarifa. (Marekani ina utaratibu wake: tahadhari huwekwa kwenye kibao cha njano chenye umbo la almasi.) Alama mbili zimepewa umbo la peke yake kwa makusudi, yaani pembenane ya “simama” na pembetatu iliyopinduliwa ya “pisha”, ili zitambulike hata zikijaa matope au zikionekana kwa nyuma. Kwenye “simama” magurudumu yatulie kabisa, hata kama njia ni nyeupe. Kwenye “pisha” unaruhusiwa kuendelea bila kusimama iwapo hakuna wa kumpisha. Tofauti hiyo hupuuzwa mno.

Ukishayazoea maumbo, jifunze alama zinazofanana kwa jozi, maana hapo ndipo wengi huchanganya. Namba 50 ndani ya ukingo mwekundu inakutaka usizidi mwendo huo. Namba hiyohiyo kwenye duara la bluu inakutaka usiende chini yake. Duara jekundu lenye mstari mweupe wa kulala linakuzuia kuingia kwa upande huo, lakini magari yanaweza kutokea upande wa pili, ilhali duara jeupe tupu lenye ukingo mwekundu hufunga njia kwa magari ya pande zote mbili. Duara la bluu lenye ukingo mwekundu na mstari mmoja wa mshazari hukataza kuegesha. Mistari ikiwa miwili iliyokatana, hata kusimama kumshusha abiria hairuhusiwi.

Penye njia nyembamba, alama huwa na mishale miwili, mmoja wako na mmoja wa anayekuja mbele yako; tazama ulio mwekundu. Ndani ya duara, mshale mwekundu ni wako, nawe ndiye wa kusubiri. Kwenye mraba wa bluu, mwekundu ni wa anayekuja, na wewe mwenye mshale mweupe unapita kwanza.

Unapojipima, au unapoulizwa na abiria wako, usiridhike na kutaja jina la alama. Sema utafanya nini: utaondoa mguu kwenye mafuta, utatazama wapi, utampisha nani. Anayejibu “hiyo ni ya kona” bado hajajibu, kwa kuwa alama ya kona mbili zinazofuatana huonyesha pia kona ya kwanza inapinda upande gani.

Mwisho, soma kibao kidogo kilicho chini ya alama. “200 m” peke yake chini ya pembetatu maana yake ni kwamba hatari iko mita 200 mbele. Ikiwa katikati ya mishale miwili inayoelekea juu, hatari yenyewe ina urefu wa mita hizo.