Jinsi ya kuutambua mzinga wa C/73 kwa kupima mdomo wake

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia kijana mmoja anayetembeza wageni kwenye makumbusho. Alikuwa na mzinga mkukuu mbele yake na kibao kilichosema tu "Mzinga wa Wajerumani". Kibao cha namna hiyo hakisaidii kitu, kwa sababu Wajerumani waliingia Vita Kuu ya Kwanza na mizinga ya kila rika. Mkongwe kuliko karibu yote ni C/73, wa mwaka 1873, uliokuwa bado kazini Tanga Novemba 1914. Jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, lilikuwa na mizinga 2 ya aina hiyo pale, ikitoa moshi mzito wa baruti nyeusi ulioonyesha wazi ilipojificha.

Hatua ya 1: Ruhusa na usalama

Omba ruhusa kwa wenye mzinga. Mulika ndani ya mtutu kwa tochi. Kama kuna kitu usichokielewa, ondoka na uwaite wanaohusika.

Hatua ya 2: Tazama chini ya mtutu

Je, kuna silinda au sanduku refu la kupokea kishindo? Likiwepo, huo si C/73. C/73 hauna kitu hicho: kila ulipofyatuliwa, mzinga mzima na magurudumu yake ulirudi nyuma, askari wakausukuma mahali pake na kulenga upya. Wafaransa walilimaliza tatizo hilo kwa mzinga wao wa milimita 75 wa mwaka 1897, na mizinga yote ya zamani ikachakaa kwa mkupuo mmoja. FK 96 ya kwanza, mzinga wa uwanjani wa Wajerumani wa mwaka 1896, pia haikuwa na silinda, ndiyo maana hatua hii peke yake haitoshi.

Hatua ya 3: Pima mdomo

Hapa ndipo yule kijana alipopoteza mchana mzima, kwa hiyo tulia.

Kwanza, usiamini majina. C/73 nzito huitwa ya "sentimita 9", lakini upana wa mdomo wake ni milimita 88. Nyepesi, ya wapanda farasi, huitwa ya "sentimita 8", na ni milimita 78.5. Sasa angalia majirani zake: FK 96 ni milimita 77, ile ya Waingereza iitwayo "pauni 15" (kwa uzito wa kombora) ni 76.2, ya Wafaransa ni 75. Ukikosea milimita 2 umebadilisha mzinga, na pengine hata nchi.

Kwa hiyo futi ya fundi cherehani iache nyumbani. Na ile ya chuma ya mafundi seremala pia; watu huibishia sana, lakini huwezi kuishika katikati kabisa ya duara, na ukiinamisha kidogo tu unasoma pungufu au zaidi.

Pili, ndani ya mtutu kuna mitaro ya kuzungusha kombora, na katikati ya mitaro kuna matuta. Kipimo cha mzinga huchukuliwa juu ya matuta, si ndani ya mitaro. Kalipa, kile kipimio chenye meno mawili, ni nzuri, ila ina kasoro mbili. Meno yake hayafiki mbali, na pale mwanzoni kabisa mwa mdomo ndipo penye kutu, makovu na rangi iliyopakwa mara nyingi. Tena, kama idadi ya mitaro ni witiri, tuta moja linatazamana na mtaro, kwa hiyo kalipa itakupa jibu la uongo hata ukipima kwa uangalifu.

Mimi napendelea visahani. Mpe fundi kerezo kipande cha mbao ngumu au plastiki nene, akutengenezee visahani vya milimita 74.5, 75.5, 76.5, 77.5, 78 na 87.5, kila kimoja na mpini mrefu katikati. Kisahani hugusa matuta tu, mitaro iwe shufwa au witiri. Kinachoingia na kinachokataa ndivyo vinavyokupa jibu. Sukuma taratibu, kiwe kimenyooka, na kiingie angalau urefu wa kiganja. Kikikwama, usikigonge kwa nyundo! Kirudishe, safisha vumbi kwa brashi laini, jaribu tena. Rangi nene ndani hupunguza kipimo, kwa hiyo jaribu pia sehemu ya ndani zaidi ambako brashi ya mpaka rangi haikufika.

Hatua ya 4: Kizibo cha nyuma

Krupp, kiwanda cha Wajerumani kilichotengeneza C/73, walitumia kabari inayoteleza kwa ubavu. Waingereza walipenda skrubu. Kwenye Fort Jesus, Mombasa, unaweza kulinganisha mzinga wa meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg (milimita 105), na wa meli ya Waingereza, HMS Pegasus (milimita 101.6). Ni mizinga ya melini, si ya uwanjani, lakini ni darasa zuri, maana urefu wa mitutu yake unakaribiana sana.

Hatua ya 5: Maandishi

Tafuta jina Krupp, mji wake Essen, mwaka na namba, ukitumia mwanga wa pembeni. Usikwangue.

Andika habari za mtutu na za gari lake kwenye kurasa mbili tofauti. Mizinga ya Königsberg ilipotolewa melini Rufiji mwaka 1915, ilitengenezewa magari ya nchi kavu Dar es Salaam, kwa hiyo umri wa magurudumu hausemi lolote kuhusu umri wa mtutu.