Kukaza mkono wa gia uliolegea kwenye Hilux ya zamani

Mkono wa gia wa Toyota Hilux ya miaka ya 1988 hadi 1997, ukiwa mzima, huingia gia ya kwanza kwa msukumo mfupi na kutulia pale ulipowekwa. Ukilegea, dereva huanza kuisaka gia: anasukuma kwenda ya kwanza na kujikuta kwenye ya tatu, anaitafuta rivasi mara mbili kabla haijaingia, na gari likiwa limesimama huku injini inanguruma, mkono unayumba kulia na kushoto kama ufito uliochomekwa mchangani. Wenye magari wengi huvumilia hali hiyo kwa miaka wakiamini kwamba giaboksi imekwisha, na baadhi yao huuza gari kwa hasara kwa sababu hiyo hiyo.

Mimi nilikaribia kutumbukia huko. Nilipoinunua pikapu yangu, gereji moja iliniambia kwamba giaboksi lazima ishushwe na kufunguliwa, nikaandikiwa orodha ndefu ya spea. Kabla sijalipa nilimwomba jirani yangu, mzee aliyefanya ufundi wa magari maisha yake yote, aje aitazame. Aliketi kwenye kiti cha dereva bila kuwasha injini, akakanyaga klachi, akaupitisha mkono katika gia zote taratibu, kisha akautikisa kwa vidole viwili tu. Akasema, “Giaboksi yako ni nzima, mwanangu. Kilichokufa ni plastiki.” Kazi yenyewe haikufika saa mbili, na giaboksi haikuguswa. Tangu hapo nimeifanya kazi hii kwenye magari kadhaa ya ndugu na marafiki, na ninasisitiza jambo moja kwa kila anayeniuliza: asikubali giaboksi ishushwe kabla ya kutazama vipande viwili vya plastiki vilivyo chini ya mkono wa gia.

Hata hivyo, si kila ulegevu unatokana na plastiki hizo, kwa hiyo anza kwa kupima. Zima injini, kanyaga klachi, na uingize kila gia, rivasi ikiwemo. Ikiwa gia zote zinaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini zinakataa au zinakwaruza injini ikiwaka, tatizo liko kwenye klachi isiyoachia sawasawa, na kubadilisha plastiki hakutasaidia kitu. Ikiwa gia inaingia bila shida kisha inachomoka yenyewe ukiwa njiani, hasa unapoteremka mlima na kuachia mafuta, kagua plastiki kwanza kwa kuwa ni kazi rahisi, lakini ujiandae kusikia kwamba kuna uchakavu ndani ya giaboksi yenyewe. Ikiwa mkono unaruka mbele na nyuma kila unapokanyaga na kuachia mafuta, pita chini ya gari utazame mpira unaobeba giaboksi, ambao mafundi huuita mauntingi. Mpira huo ukikatika, giaboksi nzima husogea, na mkono hufuata. Lakini ikiwa gia zinaingia na kukaa, ila mkono unayumba ovyo, unatetemeka na kulia kwa mlio wa chuma kugonga chuma, basi tatizo ni lile alilolitaja mzee, nawe unaweza kulimaliza mwenyewe.

Ni vyema kuelewa kwa nini plastiki ndogo husababisha ulegevu mkubwa namna hiyo. Katika gari hili, kama katika magari mengi yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, mkono wa gia umesimama juu ya giaboksi moja kwa moja, bila waya wala vyuma vya kuunganishia. Sehemu yake ya chini ina uvimbe wa mviringo kama gololi kubwa, ambao umekaa ndani ya kiti cha plastiki na kukandamizwa na springi pamoja na kofia ya chuma. Chini ya gololi hiyo mkono unaendelea kidogo na kuishia kwenye ncha iliyovishwa bushi, yaani kivishio kidogo cha plastiki ya nailoni, na ncha hiyo ndiyo inayosukuma vyuma vya kuchagulia gia. Kwa sababu sehemu iliyo juu ya gololi ni ndefu kuliko ya chini mara kadhaa, kila nafasi inayopatikana chini huongezeka juu kwa kiwango hicho hicho. Tuseme urefu wa juu ni mara 6 ya ule wa chini: nafasi ya milimita 2 kwenye ncha humfikia dereva ikiwa milimita 12, na hapo hatujahesabu nafasi inayotokana na kiti kilichopasuka.

Kiti na bushi huuzwa kwa bei ndogo mno ikilinganishwa na kazi ya kushusha giaboksi. Dar es Salaam utavipata kwenye maduka ya spea ya Kariakoo, na Nairobi kwenye maduka ya Kirinyaga Road. Nenda na namba ya chasisi, na ikiwezekana nenda na vile vya zamani mkononi, kwa maana Hilux zilifungwa giaboksi za aina tofauti kulingana na injini, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa bushi inayofanana kwa macho lakini inayopwaya kwenye ncha. Vingine utakavyohitaji ni bisibisi ya nyota, koleo lenye mdomo mrefu, brashi ngumu, vitambaa safi vingi na grisi nzuri ya lithiamu.

Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono na uzibe magurudumu kwa mawe au vipande vya mbao, kwa sababu mkono ukishatoka huwezi kutegemea gia kulizuia gari. Subiri giaboksi ipoe. Weka gia huru, kisha fungua kirungu cha juu kwa kukizungusha kinyume cha mwendo wa saa. Ondoa skrubu zinazoshikilia mpira wa kuzuia vumbi kwenye sakafu na uuvute juu; kwenye gari linalosukumwa na magurudumu yote manne utakuta mkono wa pili wa gia kubwa na ndogo ukipita hapo karibu, nao hauhitaji kuguswa. Chini ya mpira huo kuna mpira mwingine mdogo unaokumbatia shingo ya giaboksi, nao uvute juu polepole ili usichanike.

Sasa simama hapo hapo kwanza. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na huharibika kwa haraka. Kuzunguka ile kofia ya chuma utakuta mchanganyiko wa vumbi, mchanga na oili iliyoganda, pengine unene wa kidole, na ukifungua kofia bila kusafisha, mchanga huo wote utaanguka ndani ya giaboksi na kuzunguka pamoja na oili katikati ya beringi na meno ya gia. Sugua kwa brashi kavu, futa kwa kitambaa, sugua tena, na usiache mpaka chuma kionekane. Usitumie upepo wa kompresa, maana unausukuma uchafu kwenye nyufa ambazo ndizo unazotaka kuzilinda. Mimi hutumia karibu nusu ya muda wote wa kazi katika usafi huu, na sijawahi kujuta.

Kofia ile haina nati. Ifunike kwa kitambaa ili isikuumize na isiruke, ikandamize chini kwa nguvu za viganja vyote viwili dhidi ya springi, kisha uizungushe kinyume cha mwendo wa saa mpaka mifereji yake iachane na pini zilizo kwenye shingo ya giaboksi. Ikiwa imeganda, kandamiza na kuizungusha mbele na nyuma kidogo kidogo; usiipige nyundo, kwa kuwa pini zile zikivunjika ndipo utakapokuwa na tatizo la kweli. Ikishaachia, vuta mkono wote juu pamoja na kofia na springi, na papo hapo ziba tundu kwa kitambaa safi kisichoachia nyuzi.

Tazama ulichokitoa kwa mwanga mzuri. Katika gari langu, ncha ya chini ilitoka ikiwa uchi kabisa: bushi haikuwepo, na chuma kilikuwa kimeng’aa upande mmoja kwa kusuguliwa. Kiti cha gololi kilitoka vipande vitatu, vya rangi ya chai iliyokolea, na kimoja kilivunjika mkononi mwangu kama ganda la yai. Panga vipande vyote juu ya karatasi na uvirudishie umbo lake kama mtu anayeunga kigae cha chungu, kwa sababu pengo lolote utakaloliona kwenye karatasi lina maana kwamba kipande hicho bado kimo ndani ya giaboksi. Sumaku haitasaidia kitu, maana plastiki haivutwi. Mulika kwa tochi ndani ya tundu, na ukikiona, kitoe kwa koleo refu. Kisipofikika, paka grisi nzito kwenye ncha ya kijiti na ukigusishe, nacho kitanata. Ikiwa hakionekani kabisa, mwaga oili ya giaboksi kwenye chombo safi na uichuje, kwani mara nyingi kipande hushuka nayo.

Safisha mkono wa gia kwa mafuta ya taa na uukaushe. Pitisha kidole kwenye gololi: ikiwa bado ni mviringo na laini, bushi mpya zitatosha, ikiwa imelika upande mmoja kiasi cha kuhisi bapa, ulegevu utapungua lakini hautaisha, na ni afadhali kutafuta mkono mwingine uliotumika ulio mzima kuliko kuijaza gololi kwa kulehemu. Kiti kipya kikalishe kwenye shingo huku vijino vyake vikiingia kwenye nafasi zake, na upake grisi kiasi ndani yake. Bushi ya ncha huwa ngumu kuvaa. Iloweke kwenye maji ya moto kwa dakika chache, nayo italainika na kuingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Ifute maji yote kabla ya kuirudisha ndani.

Teremsha mkono wima, uzungushe kidogo mpaka uhisi ncha imekaa kwenye nafasi yake, kisha linganisha mifereji ya kofia na zile pini, kandamiza kwa kitambaa na uizungushe kwa mwendo wa saa mpaka ijifunge. Kabla hujarudisha mpira wowote, jaribu gia zote injini ikiwa imezimwa. Tofauti utaihisi mara moja. Ikiwa mkono umekuwa mgumu kupita kiasi au rivasi haifikiki, kiti hakijakaa sawa, nawe fungua tena badala ya kulazimisha. Mchezo mdogo utakaobaki ni wa kawaida, kwani hata likiwa jipya gari hili halikuwa na mkono ulioganda.

Mafundi wengi hukwepa kununua vipande hivi kwa kukata mpira wa tyubu, kukunja kipande cha chupa ya plastiki au kufunga kitambaa kwenye ncha. Ninaelewa kwamba gari la biashara halisubiri, na fundi hutumia alichonacho. Lakini mpira wa tyubu ukilowa oili huvimba, hulegea na kumeguka, na vipande vyake huishia pale pale tulipokuwa tunahangaika kutoa plastiki. Bushi za shaba zinazochongwa na mafundi wa lathi ni jambo jingine: hudumu sana, ila hupitisha mtetemo na kelele zote za giaboksi hadi mkononi, na kwa gari la safari ndefu mimi nachagua nailoni.

Mwenye Corolla ya miaka hiyo hiyo, inayovutwa na magurudumu ya mbele, asitafute kofia hii chini ya sakafu yake. Huko mkono unavuta nyaya mbili zinazoelekea kwenye giaboksi iliyo mbele, na ulegevu hutokea zaidi kwenye bushi za miisho ya nyaya hizo. Mtu mmoja atikise mkono wa gia huku mwingine akitazama chini ya boneti, na mwisho wa waya unaosogea bila kuusogeza mkono wa giaboksi ndio wenye bushi iliyokufa.

Kwa Hilux, kazi inakamilishwa na ile mipira miwili ya vumbi. Ukiuona mpira mdogo wa ndani umepasuka, ununue mwingine siku hiyo hiyo, maana kupitia ufa huo ndimo unamopita mchanga unaosaga kiti cha gololi, na kwenye gari linalovuka mito ndimo maji yanamoingilia giaboksi. Fungua pia nati ya kujazia oili ubavuni mwa giaboksi, gari likiwa tambarare: oili inatakiwa ifike ukingo wa chini wa tundu, na ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yameshaingia, kwa hiyo imwage yote na ujaze mpya kabla hujalirudisha gari barabarani.