Jamani FAFSA ni kila mwaka, sio mara moja

Kwa mnaosoma chuo Marekani, kuna watu wanadhani ukishajaza FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu wa kulipia chuo) mwaka wa kwanza basi imeisha mpaka umalize chuo, hapana jamani, kila mwaka wa masomo unajaza upya na usipojaza hata ile Pell Grant (hela ya serikali kuu ambayo si mkopo) uliyokuwa unapata haiji yenyewe. Kawaida fomu hufunguka oktoba 1 na ni bure, akitokea mtu anataka umlipe mkimbie. Dedlaini ya serikali kuu iko mbali lakini ya jimbo na ya chuo chako mara nyingi inakuja mapema, na kuna hela zinaisha, we jaza mapema tu.

Afu hata kama mwaka jana walikunyima, jaza. Wanaangalia kodi ya miaka miwili nyuma, sasa mapato ya nyumbani yakishuka jibu nalo linaweza kugeuka. Ila kama mzazi kapoteza kazi juzi juzi fomu hailioni hilo, nenda ofisi ya misaada ya chuo na barua ya kuachishwa uwaombe wakuangalie upya.

Ah, na maksi pia, zikishuka sana wanakukatia msaada hata kama fomu umejaza vizuri.