Jinsi ya Kufunga Mizigo ya Safari ya Meli ya Kitalii kwa Msafiri wa Mombasa

Mtu aliyekulia Mombasa amezizoea meli kubwa za watalii zinazoingia bandari ya Kilindini msimu wa kaskazi, zikipita karibu na ufuo kiasi kwamba aliyesimama kwenye bustani ya Mama Ngina huwaona abiria waliojipanga kwenye sitaha, huku feri za Likoni zikisubiri zipite. Zamu yake ya kupanda inapofika, awe anaanzia hapa hapa Kilindini au anasafiri kwanza kwa ndege hadi bandari ya mbali, hujikuta hajui atie nini sandukuni, kwa sababu safari hii haifanani na ya ndege wala na ya basi la kwenda Lamu. Atalala katika chumba kidogo kwa siku saba au zaidi, atashuka katika nchi kadhaa zenye sheria tofauti, na baina ya bandari na bandari hakuna duka la jirani la kukimbilia.

Jambo ninalotaka lishikwe kabla ya sanduku kufunguliwa ni kwamba msafiri wa meli hufunga mizigo miwili, na ule mdogo ndio unaohitaji fikira zaidi. Bandarini, masanduku makubwa hupokewa na wachukuzi, hufungwa vitambulisho vyenye namba ya chumba, hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi na kisha hupelekwa hadi mlangoni mwa kila abiria. Meli ikiwa na watu elfu mbili au tatu, kazi hiyo huchukua saa nyingi, na sanduku lililotolewa adhuhuri linaweza kufika usiku.

Sisi tulijifunza hilo kwa uchungu. Safari yetu ya kwanza tulipandia meli Port Louis, Mauritius, na mama yangu, ambaye hutumia dawa za shinikizo la damu kila jioni, alikuwa ameziweka ndani kabisa ya sanduku kubwa, zimeviringishwa katika buibui lake jipya ili chupa isivunjike. Saa kumi na mbili ikapita, saa mbili ikapita, naye amekaa ukingoni mwa kitanda akitazama mlango. Hatimaye tulikwenda zahanati ya meli, na daktari akampa vidonge vya usiku ule kwa bei ambayo huku kwetu ingemnunulia dawa za muda mrefu. Sanduku lilifika saa nne kasoro. Tangu siku hiyo, dawa za mama husafiri katika mkoba anaouvaa begani, zikiwa ndani ya pakiti zake za asili pamoja na karatasi ya daktari, na huchukua za siku tano zaidi ya siku za safari.

Basi mkoba mdogo ubebe dawa, miwani, pasipoti, tiketi, fedha, vito, simu na chaja yake, mswaki, nguo moja ya kubadilisha, na nguo ya kuogelea kwa wenye watoto, maana watoto wakiliona bwawa hawatakubali kusubiri sanduku. Pawabenki nayo ikae humo. Kwa wanaokwenda kwa ndege kwanza, betri za aina hiyo haziruhusiwi kabisa katika mizigo inayowekwa chini ya ndege, na zile za kati ya 100 na 160 Wh (wati-saa, kipimo kilichoandikwa juu ya betri) huhitaji idhini ya shirika la ndege.

Karatasi zinastahili kukaguliwa mwezi mmoja kabla, si usiku wa kuamkia safari. Pasipoti iwe na angalau miezi sita iliyosalia baada ya tarehe ya kurudi, kwani nchi nyingi na makampuni ya meli hudai hivyo. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni cha lazima kwa Mkenya anayeshuka Zanzibar, kwa kuwa Kenya imo katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Chanjo huanza kuhesabiwa kuwa halali siku ya 10 baada ya kudungwa, na kuanzia Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, hivyo mwenye kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 hana haja ya kuchanjwa upya.

Suala la viza huwanasa wengi. Anayezunguka Bahari ya Mediterania huweza kutoka katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, akashuka Uturuki, kisha akarudi Ugiriki, na hapo viza ya kuingia mara moja tu haimfai. Vivyo hivyo, Réunion na Mayotte ni maeneo ya Ufaransa lakini hayamo katika Schengen, kwa hiyo viza ya Schengen isidhaniwe kuwa itafungua mlango wa huko. Orodhesha kila bandari katika ratiba yako, uliza sharti la kila moja, kisha toa nakala mbili za kila karatasi: moja iachwe nyumbani Mombasa kwa mtu unayemwamini, nyingine iwe katika sanduku kubwa, mbali na karatasi zenyewe.

Kuhusu nguo, mtu wa Pwani ana bahati ambayo pengine haioni, kwa kuwa nyingi ya zinazofaa baharini tayari zimo kabatini mwake. Leso ndiyo ya kwanza. Doti moja iliyonunuliwa Biashara Street inatosha kuwa nguo ya kujifunga juu ya nguo ya kuogelea unapotoka bwawani, shuka ya kujitandia kwenye kiti cha sitaha, kitambaa cha kujifunika mabega unapoingia mahali pa heshima, na furushi la kufungia nguo chafu siku ya kurudi. Mimi huitumia hata katika kufunga sanduku: naitandaza kitandani kipande kimoja, napanga nguo za siku moja juu yake tangu ya ndani hadi ya juu, nakunja ncha zote nne kuelekea katikati na kuifunga fundo moja jepesi. Vifurushi vitatu vya namna hiyo huingia sandukuni bila kuvurugana, na asubuhi natoa kimoja tu bila kuchakura vyote. Kikoi hufanya kazi hiyo hiyo kwa wanaume, na hukauka upesi.

Wengi hufikiri kwamba kwa kuwa ni baharini basi ni joto tupu. Ndani ya meli viyoyozi hufanya kazi usiku na mchana, na ukumbi wa chakula au wa maonyesho huweza kuwa na baridi ya kumtetemesha aliyezoea joto la Januari hapa kisiwani. Sweta moja au shali nzito ni ya lazima. Nje kwenye sitaha nako kuna upepo wa meli yenyewe kwenda, hata siku ambayo bahari imetulia kama maji ya mtungi, kwa hiyo mwenye kuvaa mtandio achukue pini za kutosha, na mwenye kofia pana aichague yenye kamba ya kidevuni.

Meli nyingi huwa na jioni moja au mbili za mavazi rasmi, na hapa watu hutumia fedha bure kwa kushona suti ambayo hawataivaa tena. Kanzu safi iliyonyooka, pamoja na koti na kofia iliyodariziwa, ni vazi rasmi lisilohitaji kuombewa radhi popote duniani. Mwanamke aliye na gauni moja la kwendea arusini, la kitambaa kisichokunjana, amekamilika. Nasisitiza kitambaa kisichokunjana kwa sababu pasi hutaruhusiwa kuingia nayo, na huduma ya kupigiwa pasi hulipiwa kwa kila nguo. Kwa safari ya siku saba, nguo za mchana nne au tano zinazooana rangi zinatosha, ukiwa na sabuni kidogo ya kufulia katika chombo kilichofungwa vizuri.

Viatu ni jozi tatu: makubadhi au viatu vya heshima vya jioni, viatu vya mpira visivyoteleza kwenye sitaha iliyolowa, na viatu vya majini vinavyoweza kukanyaga matumbawe makali. Mji Mkongwe wa Zanzibar hutembelewa kwa miguu katika vichochoro vya mawe, na wenyeji wake hupenda mgeni afunike mabega na magoti. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa hilo mara mbili, lakini watoto waliozoea kushuka melini na kaptura wakumbushwe.

Vitu vinavyokatazwa vinahitaji uangalifu hasa kwa watu wa kwetu, kwani baadhi yake ni vya maisha yetu ya kila siku. Moto ndio adui mkubwa wa meli, hivyo chochote chenye kuwaka au kutoa joto huzuiliwa na walinzi na hurudishwa mwisho wa safari: pasi, birika la umeme, mshumaa, na chetezo pamoja na makaa yake. Hata kile chetezo cha umeme cha kufukizia udi kinahesabiwa humo. Aliyezoea chumba kinukie achukue halud au marashi katika chupa ndogo, na asimwone mlinzi kuwa ni mkorofi anapomfungulia mkoba.

Umeme wa kabini nao si kama wa nyumbani. Meli nyingi zina soketi za Kimarekani za volti 110 zenye matundu mawili bapa, na za Ulaya za volti 220 zenye matundu mawili ya duara, ilhali plagi zetu ni za miguu mitatu ya mstatili. Chukua adapta ndogo mbili za kawaida, lakini usichukue ile nyaya ya kuongezea yenye kinga ya kupanda kwa umeme, kwa maana mfumo wa umeme wa meli haukutiwa ardhini kama wa nyumba na kifaa hicho huweza kusababisha moto. Soma maandishi madogo kwenye chaja yako: ikiandikwa 100–240V, itafanya kazi kote. Na simu, mara meli ikishaondoka, iweke katika hali ya ndege, kwa kuwa mtandao wa meli wa katikati ya bahari hutoza gharama kubwa sana na M-Pesa haitakusaidia melini. Malipo ya huko huunganishwa na kadi ya benki, basi iarifu benki yako kabla ya kusafiri, na uwe na dola chache za noti ndogo kwa teksi na soko la bandarini.

Kwa chakula, usihangaike kubeba kingi. Mwenye kula halali aiandikie kampuni mapema anapolipia safari, asingoje kufika mezani. Achari ya ndimu au ya embe katika chombo kilichofungwa kiwandani hufariji ulimi siku ya nne, wakati vyakula vyote vinapoanza kuwa na ladha moja, ila matunda mabichi na nyama usishuke navyo katika visiwa kama Mauritius na Ushelisheli, ambako hulindwa sana dhidi ya wadudu na magonjwa ya mimea. Miraa na muguka, vinavyouzwa wazi hapa kwetu, ni haramu kisheria Tanzania, na kushuka navyo Zanzibar ni kujitia mikononi mwa polisi. Mifuko ya plastiki ya kubebea, ambayo Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania nayo iliipiga marufuku Juni 2019, kwa hiyo viatu vifungiwe katika mfuko wa kitambaa.

Wanaohofia kulewa bahari wajue kwamba misimu haifanani. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, bahari ya upande wetu huwa tulivu zaidi, na kusi ya Juni hadi Agosti huja na mawimbi makubwa. Lakini karibu na Madagaska na Mauritius msimu wa vimbunga ni Novemba hadi Aprili, hivyo utulivu wa Mombasa usikudanganye. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya bahari kuchafuka, si baada ya kuanza kutapika, na wazee, wajawazito na wenye maradhi ya kudumu wamuulize daktari kwanza kwani baadhi yake huleta usingizi mzito. Mimi hubeba tangawizi iliyokaushwa ya kutia katika maji ya moto, na imenifaa.

Vitu vidogo viwili hudharauliwa bure. Kuta za kabini nyingi ni za chuma, hivyo ndoana chache za sumaku huning'iniza kofia, mikoba na taulo mahali ambapo hakuna kabati la kutosha. Na kwa wanaosali, mswala mwepesi pamoja na dira: meli hugeuka ovyo, na kibla cha adhuhuri huweza kuwa upande mwingine kabisa ifikapo alasiri.

Usiku wa mwisho, utatakiwa kuliweka sanduku kubwa nje ya mlango kabla ya usiku wa manane, nalo hutaliona tena hadi bandarini. Nimemwona baba mmoja asubuhi hiyo akipita kwenye kumbi amejifunga kikoi na nguo ya kulalia, maana suruali zake zote zilikuwa zimekwisha chukuliwa. Kabla ya kufunga, toa nguo ya kesho, viatu, mswaki na dawa za asubuhi, uvitie katika ule mkoba mdogo, na pasipoti iwe juu kabisa.