Kabla Maji Hayajafika: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwenye Nyumba Kando ya Ziwa Victoria

Mwenye nyumba wa Kayenze, Igombe, Magu au Nansio mkoani Mwanza anakabiliwa na maji ya aina mbili, na wengi wetu huyachanganya. Yapo maji ya mvua na mito. Haya huja kwa saa chache: Mto Simiyu unajaa kule Magu, Mto Mirongo unafurika katikati ya Jiji la Mwanza, korongo lililokuwa njia ya mbuzi linageuka mto usiku mmoja. Halafu lipo ziwa lenyewe, ambalo hupanda polepole kwa miezi mpaka siku moja unakuta mwalo, pale mitumbwi inapofikia, umehamia kwenye migomba yako. Kabla hujanunua mfuko wa saruji, na kabla hujaongea na wakala wa bima, jua kwanza ni maji gani yatakayofika kwako. Matayarisho yake ni tofauti, na mkataba wa bima nao huyatofautisha.

Anza na historia ya kiwanja. Ziwa Victoria hupata sehemu kubwa ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na njia ya kutokea ni moja tu, pale Jinja nchini Uganda, Mto Nile unapoanzia. Mvua ikizidi kwa misimu miwili au mitatu mfululizo, maji hujilimbikiza. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1961 zilianzisha kupanda kulikoendelea hadi 1964, na ziwa likainuka kwa takriban mita 2.5. Mwaka 2006 lilishuka sana, watu wakalima bustani na kujenga pale palipokauka. Mei 2020 likarudi juu, likafikia kimo cha 1964. Kwa hiyo kiwanja kilichouzwa kikiwa kikavu kabisa mwaka 2006 kinaweza kuwa sakafu ya ziwa iliyopumzika kwa muda. Muulize mzee aliyezaliwa hapo hapo, si muuzaji peke yake: maji yalifika wapi mwaka 1964, kwenye jiwe lipi, mti upi? Uliza pia kuhusu 2020, maana hiyo hata vijana wanaikumbuka. Weka alama, kisha simama mlangoni kwako utazame iko juu yako au chini yako.

Chukua pia futi ya kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto kuwa eneo lisiloruhusiwa shughuli za kudumu za kibinadamu. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu najua ni wangapi wanaishi ndani ya mita hizo, wengine kwenye viwanja walivyorithi. Lakini ni bora ulijue leo. Nyumba iliyo ndani ya eneo hilo inaweza kuondolewa, na kampuni ya bima ikigundua wakati wa madai kwamba ulijua na hukusema, una kesi ngumu mkononi. Kama uko ndani ya mita 60, fedha za bima ni afadhali zianze kuwa fedha za kuhamia juu.

Kuhusu nyumba yenyewe, maji huanzia chini. Msingi ulioinuliwa, jamvi la zege na tofali za kuchoma au za saruji hustahimili. Tofali mbichi zikilowa kwa siku mbili hulainika na ukuta hulala. Udongo mweusi wa mbuga una tabia yake: huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hivyo nyufa za ukutani zikague na uzizibe kabla ya mvua. Zibua mtaro na kalavati iliyo mbele yako, na usisubiri serikali ya kijiji, kwa sababu taka za jirani ndizo zitakazorudisha maji ndani kwako. Choo cha shimo kiwe mbali na kisima na mahali palipoinuka kuliko njia ya maji. Kikifurika, kipindupindu hakitachagua nyumba ya nani.

Sasa bima, maana hapa ndipo watu wanapoumia wakiwa wamelipa. Bima ya nyumba ya kawaida ni bima ya moto. Mafuriko mara nyingi huongezwa juu yake kama hatari ya ziada, na huongezwa kwa maandishi. Wakala akikwambia “kila kitu kimo”, mwombe akuoneshe mstari wenye neno mafuriko. Kisha uliza swali la pili: mkataba unasema nini kuhusu ziwa kupanda taratibu? Bima hulenga tukio la ghafla lisilotarajiwa. Mto uliovunja kingo usiku ni tukio la ghafla. Ziwa lililosogea tangu Februari hadi Mei linaweza kuhesabiwa vinginevyo, na mmomonyoko wa ufukwe mara nyingi haulipwi kabisa. Jibu la swali hili lipate kwa maandishi kabla hujatoa hela.

Thamani nayo ina mtego. Bima hufuata gharama ya kujenga upya, si bei ya kuuzia, na kiwanja hakihesabiwi. Tuseme kuijenga upya nyumba yako ni shilingi milioni 60, lakini ili ada ipungue ukaikatia bima ya milioni 30. Maji yakiharibu vitu vya milioni 10, kampuni itasema umejikatia nusu, hivyo utalipwa nusu, yaani milioni 5, na hapo bado haijaondoa kiasi ambacho mkataba unakutaka ubebe mwenyewe. Vitu vya ndani hukatiwa bima peke yake. Kama unaweka injini ya mtumbwi, nyavu, magunia ya mpunga au mashine ya kusaga, taja, na useme wazi kwamba ni vya biashara. Ukificha kwamba nyumba iliwahi kuingia maji, umempa mwenye kulipa sababu ya kutokulipa.

Nyumba ya udongo usishangae kampuni ikisita kuipokea. Uliza kampuni zaidi ya moja, ukianza na Shirika la Bima la Taifa ukipenda, na hakikisha aliyekuja kwako amesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. Bima haianzi mpaka ada ilipwe, kwa hiyo dai risiti. Aliyekopa benki kwa dhamana ya nyumba asome tena karatasi zake: huenda bima anayokatwa inalinda deni tu, si kuta wala kitanda chake. Na vikundi vya kufa na kuzikana, pamoja na heshima yote tunayovipa, havijengi nyumba upya. VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, vinaweza kusaidia kwa njia nyingine, mkiweka kila wiki kidogo kidogo mpaka ada ya mwaka itimie.

Ushahidi uandaliwe jua likiwaka. Hati miliki, au hati ya hakimiliki ya kimila inayotolewa kijijini, itie kwenye mfuko wa nailoni mzito na uifunge vizuri. Piga picha kila chumba, kuta, paa na vitu vya thamani, pamoja na risiti za bati, nondo na saruji, kisha zitume kwa ndugu anayeishi mbali na ziwa. Kwa mtu wa kisiwa cha Ukerewe hili lina uzito zaidi: mkaguzi wa kampuni ana safari ya kuvuka kutoka Kisorya kwenda Rugezi, na siku atakapofika maji yatakuwa yameshaondoka na alama zake.

Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zifuatilie kabla ya vuli, inayoanza Oktoba, na kabla ya masika ya Machi. Onyo likitoka, zima umeme kwenye meinswichi, inua magodoro na unga, fungulia mifugo njia ya kupanda, weka maji safi ya kunywa. Wazee na wagonjwa waondoke kwanza, mchana. Watoto wasichezee maji yaliyotuama. Kichocho kimo humo, na mamba husogea ziwa linaposogea. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Maji yakishaingia, piga picha ya mstari uliobaki ukutani kabla hujafagia. Toa taarifa kwa kampuni siku ile ile, usitupe kilichoharibika mpaka mkadiria hasara akione, na uchukue barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayothibitisha tarehe. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, na madai yako uyapeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.