Kuzuru Misikiti ya Kale ya Pwani kwa Asiyefuata Dini

Mtu asiyefuata dini yoyote, lakini ambaye moyo wake hutulia mahali palipoombewa kwa karne nyingi, anaweza kuzuru misikiti na makaburi ya kale ya Pwani bila kumkwaza mtu, ilimradi ajue mapema kama mahali anapokwenda pamebaki magofu au bado pana wenyewe.

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una wenyewe. Ukiutazama kwa nje, kwa paa lake la bati, unaweza kuupita bila kugeuka. Lakini ndani, kwenye ukuta wa kibla, kuna maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, ingawa sehemu kubwa ya jengo lenyewe ilijengwa upya katika karne ya 18. Kwa kuwa watu wanaswali humo, usifike karibu na wakati wa sala, na Ijumaa adhuhuri usiende kabisa. Mtafute mwangalizi, toa salamu, vua viatu, sitiri mabega na magoti (mwanamke ajitande mtandio), kisha uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Ukiruhusiwa kukaa, kaa nyuma, na akitokea mtu wa kuswali usimkatize kwa kupita mbele yake. Usijaribu kurukuu wala kusujudu ili uonje hali, kwani ibada ya kuigiza humuudhi mwenyeji kuliko ugeni wako.

Kaole, karibu na Bagamoyo, panahitaji uangalifu wa namna nyingine. Msikiti wake ni gofu lisiloswaliwa, na wageni wengi huvutiwa zaidi na makaburi ya nguzo, yaani yaliyojengewa nguzo ndefu za mawe, lakini kwenye kaburi la mwanamke aitwaye Sharifa bado wapo wanaokwenda kuomba. Ukikuta vitu vilivyoachwa hapo, usiviguse, na kwa maoni yangu usiache vyako pia kama huna nia yoyote.

Uhuru mkubwa zaidi utaupata Kilwa Kisiwani, ambako Msikiti Mkuu, ulioanzishwa katika karne ya 11 na kupanuliwa baadaye kwa safu za nguzo na kuba, hauna tena waumini wa kuswali. Shughulikia kibali na mwongozaji ukiwa Kilwa Masoko, kisha uvuke kwa mashua asubuhi, jua lisijakuwa kali. Usipande kuta wala kuegemea nguzo, kwa sababu matumbawe na chokaa ya zamani humomonyoka. Mwambie mwongozaji tangu mwanzo kwamba, baada ya maelezo yake, ungependa robo saa ya kukaa peke yako chini ya kuba. Ukimshtukizia mwishoni atakuharakisha, kwani nahodha naye anaangalia maji yasije yakampwea.